Mkono Uliozikwa kwa Hotuba

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilipouchukua mkono wa kulia wa Kifaru, kaka yake mkubwa aliuzika kwa hotuba ndefu kuliko ile aliyoitoa kwenye harusi ya Kifaru mwenyewe. Mwenye mkono hakuhudhuria. Alikuwa bado kalazwa hospitalini. Aliposimuliwa kwamba watu walilia, aliuliza kama kuna yeyote aliyetaja kuwa mkono wenyewe ulikuwa mvivu.

Jina la Kifaru alipewa kwa sababu akishaanza kwenda hageuki, hata akijua amekosea njia. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye benchi mlangoni, na huko nako hakugeuka. Mkewe ndiye aliyekamua, akabeba majani, akafagia zizi. Majirani walikuja kutoa pole, wakala, wakaenda zao. Kaka mkubwa alishauri ng'ombe wauzwe, kwani mkono mmoja haulei mwana. Kifaru akamjibu kuwa mwana wake wa mwisho ana ndevu.

Daktari wa mifugo ndiye aliyemwambia mkewe kuhusu huduma ya wakulima na wafugaji wenye ulemavu. Wanamtuma mtu, alisema, anaitazama kazi yako na kukusaidia kutafuta namna nyingine ya kuifanya. Mke akapiga simu bila kuomba ruhusa. Kifaru alipopata habari, alisema yeye si mlemavu. Mkewe akasema sawa, basi afunge vifungo vya shati lake. Shati likabaki wazi mpaka jioni.

Siku mshauri wa huduma hiyo alipofika, kaka mkubwa naye alikuwa amekuja na mnunuzi wa ng'ombe. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo. Aliendesha pikapu mwenyewe, akashusha kiti cha magurudumu, akajihamishia humo, na hapohapo magurudumu yakazama kwenye tope la kwato mbele ya zizi. Kaka mkubwa akakimbilia kumsaidia.

"Wewe kaa na mgeni wako," mshauri alimwambia. "Mimi nimemjia huyu. Mzee, nisukume."

Kifaru akautazama mkono wake, akakitazama kiti chenye mipini miwili, akaona anadhihakiwa. Akashika mpini mmoja na kusukuma kwa hasira. Kiti kikazunguka kama ndama mwenye kizunguzungu, kikaelekea shimo la samadi. Mnunuzi akafumba macho. Mshauri akakaza breki ukingoni kabisa, akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha mtu asiyejali heshima za wenyeji wake.

"Tumbo unalo?" akauliza.

"Si unaliona."

"Basi nalo lifanye kazi. Liweke katikati, mkono uwe wa kuelekeza tu."

Tumbo ambalo mkewe alilisema miaka yote likabanwa nyuma ya kiti, Kifaru akasukuma, na kiti kikaenda, kwa kuyumba kidogo, hadi ndani ya zizi. Alipofika alisimama akitweta kama aliyeshinda mbio.

Mshauri akamtaka akamue. Tangu aumie hakuwa amegusa chuchu. Akakaa chini ya ng'ombe wake mkubwa, akabana ndoo kwa magoti kama zamani, akaanza kwa mkono wa kushoto. Maziwa yakatoka kidogokidogo. Ng'ombe akachoka kungoja, akasogea, ndoo ikapinduka, maziwa yote yakamwagika kwenye suruali yake. Kifaru akalia palepale. Kamasi zilimtoka asifute, kwa kuwa mkono pekee aliokuwa nao ulikuwa bado umeshika chuchu.

Mshauri hakumpa pole. Aliuliza kama kuna fundi wa kuchomelea hapo jirani, maana ndoo inahitaji kulabu, siyo magoti. Ndipo mnunuzi, aliyeona kilio kimeshusha bei, akauliza kwa upole kama huyo ng'ombe naye anauzwa.

Kifaru akapenga kamasi kwa kola ya shati.

"Ng'ombe hauzwi," alisema. "Kama hutaki kuondoka hivihivi, mchukue kaka yangu. Ana mikono yote miwili na haitumii."

Kaka mkubwa aliondoka na mnunuzi wake, akanuna mwezi mzima. Mkewe Kifaru aliuita mwezi huo mapumziko.

Fundi akaweka kulabu za ndoo, na komeo la lango linalofunguka kwa kusukumwa na nyonga. Toroli la majani likapata mpini mmoja mpana, wa kusukuma kwa tumbo. Mashine ndogo ya kukamulia ilichelewa sana kupatikana, na ilipokuja ilikuwa na kifuniko kisichofunguka ila kwa mikono miwili. Kifaru akampigia mshauri simu na kumtukana aliyeitengeneza. Mshauri akaongeza matusi mengine ambayo Kifaru hakuyajua, kisha akamtuma fundi aibadilishe. Mashine ya majani hakuisogelea tena. Kijana wa kibarua akiiwasha, Kifaru huenda nyuma ya nyumba mpaka inyamaze.

Huduma ile ilikuwa na mkutano wa wakulima wake. Kifaru hakutaka kwenda. Mkewe akamvalisha viatu. Huko akakalishwa karibu na mfuga nyuki mmoja mfupi, asiye na mkono wa kushoto, aliyekuwa akilalamika kwamba glavu huuzwa jozi, na kila anaponunua, ya kushoto anaitupa.

"Unazitupa wapi?" Kifaru akauliza.

Mfuga nyuki akamtazama kuanzia bega tupu la kulia hadi kwenye kiganja cha kushoto, kipana kama sepetu, akaelewa. Wakabishana kuhusu saizi mpaka mkutano ukaisha, kila mmoja akidai kwamba mwenzake ndiye mwenye mkono wa ajabu.