Mstari wa Jumanne na Ijumaa

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa tu. Mzee aliendesha gari la mitungi ya oksijeni, na mkwe wake, mama wa mtoto wa miezi minane, alikaa pembeni yake amepakata kompyuta kama anavyompakata mwanawe. Kipokezi cha GPS, kidogo kama kiberiti, kiling'ang'ania paa kwa sumaku, waya wake ukapitia dirishani, kwa hiyo dirisha halikufungika hata mvua inyeshe vipi. Kwenye ramani gari lao lilikuwa mshale, na kila lilipopita mshale uliacha mstari mwekundu. Jioni mkwe aliikabidhi ofisini mistari ya siku nzima.

Mzee alikuwa amewapelekea wagonjwa mitungi majumbani kwa miaka ishirini na sita. Programu ya ramani ilipotamka, "Geuka kushoto," alijibu, "Huyu dada kushoto anakujua, ila shimo la kushoto halijui."

"Baba, usimgombeze. Ndiye aliyeniletea kazi."

"Basi nisalimie huyo dada."

Lakini aliyemwombea kazi alikuwa mzee mwenyewe. Alikwenda ofisini kofia mkononi, akasema, "Nina mkwe, kasomea kompyuta madarasa ya jioni huku ana mimba kubwa. Mjaribuni." Wakampa miezi mitatu ya majaribio.

Wiki ya kwanza mshale ulimtia aibu. Ulipanda mapaa ya watu, ukatumbukia mtoni, ukarudi. Msimamizi wa safari aliitazama mistari ile, akauliza, "Hii ni njia, au ni uzi aliochezea paka?" Mkwe akaipekua programu mpaka akakuta kisanduku kilichoandikwa "Shikilia barabara". Akakitia alama. Tangu siku hiyo, popote gari lilipokuwa, programu ililivuta hadi barabara ya karibu inayoijua. Mistari ikanyooka kama iliyopigwa rula. Msimamizi akamsifu mbele ya watu, naye akarudi nyumbani kichwa juu.

Sasa, ramani ile ilikuwa ya zamani. Kila Jumanne na Ijumaa walimpelekea mtungi mwalimu mstaafu mwenye mapafu mabovu, ghorofa ya nne, katika jengo jipya lisilo na lifti, ndani ya kichochoro ambacho ramani haikupata kukisikia. Mzee alijitwika mtungi begani, akapanda akipumzika kila kona ya ngazi, akauunganisha na mrija wa kupumulia, akasubiri mpaka midomo ya mwalimu irudiwe na rangi. Dakika arobaini. Mkwe alibaki garini, maana kompyuta ilikuwa haiachwi peke yake. Na barabara ya karibu iliyokuwemo ramanini ilikuwa ile ya nyuma, yenye baa.

Mwezi wa tatu, Jumatatu asubuhi, wakaitwa wote wawili. Msimamizi alikuwa ametandaza karatasi mezani.

"Mzee, hapa ni wapi?"

"Hapo ni baa."

"Na gari lililosimama hapo dakika arobaini, kila Jumanne na kila Ijumaa, ni la nani?"

"Bosi, pombe mimi sijui hata rangi yake."

"Sijauliza unakunywa nini. Nauliza gari."

"Lilikuwa kwa mwalimu. Mpigieni simu."

"Mwalimu atasema lolote utakalo. Wewe ndiye unayempelekea pumzi." Msimamizi akamgeukia mkwe. "Mtaalamu, tuambie. Gari lilikuwa wapi?"

Alikuwa ameshajua tangu jicho lake lilipotua kwenye karatasi. Kisanduku. Akisema, basi mistari yote ya miezi miwili ni ya uongo na imetoka mkononi mwake. Na mkataba wake ulikuwa pale pale mezani, haujatiwa sahihi. Akamkumbuka mtoto. Ulimi ukawa mzito, kisha ukawa mwepesi mno.

"Ramani inaonyesha hapo," alisema.

Hakudanganya. Ndivyo alivyojiambia wakati mzee akitoa ufunguo wa gari mfukoni na kuuweka juu ya karatasi. Alimtazama mkwe wake mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayehesabu ngazi zilizobaki.

Jumanne alfajiri mkwe alipiga moyo konde. Alimfuata msimamizi, akafungua programu mbele yake, akaondoa ile alama, na mshale ukaruka kutoka barabarani ukatua uani, pale pale gari lilipoegeshwa. Msimamizi alielewa upesi.

"Kumbe," alisema. "Barua ya kumwachisha mzee kazi imeshakwenda makao makuu. Dereva mpya anaanza leo. Nikiwaambia mistari ni mibovu, mimi na wewe tutamwaga unga siku moja."

"Basi niandike mimi. Kosa ni langu."

"Kosa lako si umelirekebisha? Ndiyo maana tunakuhitaji." Akamsogezea mkataba.

Akatia sahihi.

Jioni alimkuta mzee sakafuni, mtoto amejishikiza gotini kwake anajifunza kusimama.

"Baba, nimewaambia. Nimewaambia ni mimi."

"Umewaambia lini?"

"Leo asubuhi."

Mzee akamshika mtoto makwapani, akamkalisha vizuri. "Mimi niliulizwa jana," alisema.

Maji yalikuwa yakichuruzika bombani jikoni, hakuna aliyekwenda kuyafunga.

"Mwalimu kapandishiwa mtungi na nani leo?"

"Dereva alisema ngazi si kazi yake. Nikaubeba mimi. Nikafika ghorofa ya kwanza, mgongo ukakataa, nikauacha ngazini. Nilimwomba jirani, akasema atauchukua akirudi."

"Ameurudia?"

"Sijui, baba."

Mzee akainuka taratibu, akavaa viatu vyake vya kazi.

"Nije nikusaidie?"

"Kaa na mtoto," alisema, akatoka kwa miguu.