Kalamu ya Mzee Mudathir Mnadani

Kwa maneno ya Mama Gaspar, shemeji yake, Adelard, aliuza kalamu kuukuu ya marehemu padri kwa Mzungu wa Marekani yeye mwenyewe amekaa kitini Kinondoni, soda mkononi. Hakupanda ndege wala hakupiga simu. Alibonyeza tu. Wazungu wakaanza kugombea humo humo ndani ya kompyuta, huyu anapandisha, yule anapandisha, mpaka mmoja akashindwa, akalia. Mama Gaspar aliapa kwamba Adelard alimwona Mzungu akilia. Na friji ile nyeupe iliyokaa sebuleni kwa Mama Gaspar, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, ilitoka kwenye kalamu hiyo.

Naima alikuwa uani na beseni la nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa na tabia ya kumkata mtu maneno. Friji aliijua. Ilikuwa haigandishi hata barafu ya kulambwa na mtoto; Mama Gaspar alikuwa akihifadhia humo viatu vyake vya kanisani. Lakini Naima hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni babu yake, kutoka barazani.

"Kalamu ya namna gani hiyo, Mama Gaspar?"

"Ya wino, mzee. Zile za zamani, za kujaza. Wazungu wanazitafuta kama dawa. Kuna mnada wao humo, wanauita mnada wa mtandao. Usiku na mchana hawalali."

Mzee Mudathir akagusa mfuko wa shati. Naima akaona, akaiachia nguo aliyokuwa akiifua.

Nyumba yao ilikuwa Mtoni, Temeke. Mzee Mudathir alikuwa karani wa ardhi tangu enzi za Mwingereza, na Uhuru ulipoingia, bwana wake wa Kizungu alimwachia kalamu ile wakati anafungasha virago. Ilikuwa nyeusi, ina pete ya dhahabu shingoni na herufi ndogo ubavuni. Mtaa mzima uliijua, kwa sababu mzee hakuwa na hadithi nyingine. Ukimpa shikamoo, ataitikia marahaba huku anaichomoa.

Na kalamu ile ilikuwa ya Naima. Ndivyo alivyoahidiwa. Akiwa darasa la tatu babu alimwambia, "Mke wangu, ukimaliza la saba, hii yako." Akamaliza la saba. Alifaulu, ila nafasi ya sekondari haikupatikana. Babu akasema, "Kalamu hii ni ya mtu wa sekondari." Miaka ikapita. Mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, na Naima ndiye aliyeshika kalamu kuandika barua zote za kwenda kwa ndugu zao Kimbiji. Yeye ndiye aliyeiosha kila Ijumaa na kuijaza wino. Barua ikiisha, babu ananyoosha kiganja, na kalamu inarudi mfukoni kwake. Naima alisubiri. Alijua kusubiri kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na hakuna aliyemshukuru kwa hilo.

Adelard alikuja Jumapili iliyofuata. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika fulani la umma, na tangu hapo akajipa cheo cha mfanyabiashara wa mtandao. Kiunoni alivaa ganda la simu ya mkononi. Simu yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayewaliza Wazungu?"

"Hiyo mbona ishu ndogo, mzee. Mzungu ukimwonyesha kitu cha zamani hana ujanja. Anatetemeka."

"Na atajua ni ya nani?"

"Atajua! Tutaandika. Kalamu ya Mzee Mudathir, Dar es Salaam. Dunia nzima itasoma."

Hapo ndipo mzee alipokwisha. Naima alimtazama babu yake akinyooka mgongo kama anayepigwa picha. Kilichompata si shida ya fedha. Alitaka Wazungu wamgombee. Miaka yote hiyo Uhuru umepatikana, na bado alikuwa amekaa barazani akingoja Mzungu arudi kumwambia umefanya kazi nzuri.

"Babu," Naima akasema polepole, "si ulisema hiyo kalamu yangu?"

"Wewe utafanyia nini kitu ambacho Marekani wanakililia? Kaandikie bairo."

Adelard akacheka. Naima akayaangalia meno yake, akayaweka moyoni.

Kabla kalamu haijaenda mnadani, ilibidi itengenezwe ionekane. Hilo lilikuwa wazo la Adelard, na mtaa mzima ungekubaliana naye. Kaka yake Naima, Nassibu, alikuwa akiuza viatu vya mtumba soko la Tandika. Kwake yeye hakuna kiatu kibovu. Kuna kiatu kisichopigwa msasa. Kikitoka kwenye robota kimekunjamana kama uso wa mgonjwa, anakipiga msasa, anakipaka rangi, anakipa kiwi, halafu brashi mpaka mteja ajione meno. "Mteja haangalii kiatu," alikuwa akisema, "anaangalia mng'ao." Wangapi walinunua mng'ao wakafika nao Ubungo soli imebaki njiani, hilo hakulisema.

"Ipige, braza," Adelard akamwambia. "Zipo kalamu elfu mle. Isipong'aa, nani ataiona?"

Nassibu akakaa kwenye kigoda na msasa laini wa maji, akaisugua kalamu ya babu, ulimi nje, kama anachora. Akaipaka kiwi nyeusi. Akaipiga brashi, kisha kitambaa. Naima ndiye aliyemshikia kopo. Na kusema kweli, kalamu ilipoinuliwa juani, hata yeye aliona imependeza. Mama Gaspar alipiga vigelegele.

"Haya, niambieni," Nassibu akasema, "hii na iliyotoka dukani jana, ipi ni ipi?"

Kwenye duka la kukodisha kompyuta la Kinondoni kulikuwa na kiyoyozi na msichana anayeitwa Vaileth, aliyekuwa anatoza dakika na kuwaonyesha watu pa kubonyeza. Adelard hakutaka kuonyeshwa. Aliilaza kalamu kwenye kioo cha mashine ya kupigia picha, akafunga mfuniko kwa mkono mzito. Kisha akaandika jina la bidhaa kwa Kiingereza chake. Vaileth akamsomea mzee kwa Kiswahili: "Kalamu nzuri sana kutoka Afrika, safi kama mpya, ya Mzee Mudathir, karibuni nyote."

"Karibuni nyote," mzee akarudia, ameridhika kabisa.

Hakuja mtu.

Walirudi wiki iliyofuata, mzee amevaa kanzu ya Idi, Naima nyuma yake. Adelard akafungua ukurasa. Kalamu ilikuwepo peke yake, inang'aa, hakuna aliyetaja bei.

"Wamelala?" mzee akauliza.

"Kule sasa hivi usiku, mzee."

"Mama Gaspar alisema hawalali."

"Wanalala kidogo."

Mara nyingine ikawa kule ni sikukuu. Mara nyingine ikawa kule ni baridi, na baridi yao, mzee, vidole haviwezi kubonyeza. Naima alikuwa anakaa kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani, anasikiliza. Aliwahi kusikia waongo wazuri. Nassibu alikuwa mmoja wao. Huyu hakuwa hata mwongo mzuri.

Siku moja barua ikaingia. Ilitoka kwa mtu mzima wa huko mbali anayekusanya kalamu za zamani, aliyeiona ya mzee kwa bahati tu, akitafuta kinyago. Adelard akaisoma kimya, akasema, "Anaisifia." Mzee akataka kusikia sifa zenyewe. Vaileth akainama akasoma, na wala hakuficha kitu.

Mtu yule aliandika kwamba humo mnadani kalamu ni nyingi mno, wala hakuna mnunuzi anayezipitia moja moja. Mnunuzi anaandika jina la kampuni iliyoitengeneza, aina yake na ukubwa wa nibu, ile ncha ya kuandikia, na mashine inamletea zenye maneno hayo tu. Yao haikuwa na hata neno moja kati ya hayo. Kila kalamu humo ilikuwa nzuri sana, na hakuna mtu duniani aliyekaa anatafuta kalamu inayoitwa karibuni nyote. Akaomba waandike zile herufi za ubavuni kama zilivyo, wazipige picha kwa karibu, na tafadhali wasiisugue.

Vaileth akamaliza kusoma. Wote wakaitazama kalamu.

Ubavu ulikuwa laini kama yai la kuchemsha.

"Zilikuwepo herufi," mzee akasema.

"Zilikuwa zinasemaje?" Adelard akauliza.

Mzee akaupapasa ubavu wa kalamu. Alikuwa amewaonyesha watu kalamu ile tangu Uhuru, na hakuwahi kuisoma. Akamgeukia Naima. Naima alikuwa anazijua kwa kidole gumba, kila Ijumaa, vikwaruzo vidogo vinavyoshika maji. Kuzisoma, hakuzisoma hata yeye. Nani anasoma ubavu wa kalamu? Kalamu ilikuwa ni kalamu ya Mzungu, basi.

"Msiwe na wasiwasi," Adelard akasema. "Vaileth, hebu angalia humo, jina gani linanunuliwa sana?"

Vaileth akamtazama kama anayetazama mtu anayevuka barabara kinyumenyume. Lakini dakika zilikuwa zinalipiwa, akaangalia.

Kule Temeke, karibu na gereji, alikuwepo fundi wa kuchonga namba za magari kwenye vioo na taa, ili wezi wakiiba wasipate pa kuuzia. Adelard akampelekea kalamu na jina la kampuni kwenye karatasi. Fundi alikuwa amezoea vioo vya Land Rover. Akawasha mashine yake, ikalia kama nyuki kwenye chupa, akachonga herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara, zikaizunguka kalamu mara moja na nafasi ikabaki.

"Hiyo nafasi vipi?" fundi akauliza.

"Andika M. Mudathir," mzee akasema. "Na Dar es Salaam."

"Babu," Naima akamshika mkono, "isije ikaharibika."

"Mke wangu, utampangia fundi kazi? Wewe wa la saba?"

Fundi akachonga.

Sasa ilionekana. Kwa hilo lazima Adelard apewe sifa. Picha mpya ilipowekwa na jina kubwa la kampuni juu yake, kila mtu duniani aliyetafuta kalamu za jina hilo aliletewa ya Mzee Mudathir. Waliiangalia kwa mamia. Vaileth akawa anamhesabia mzee waliokuja, naye anatikisa kichwa kama anayepokea wageni wa harusi. Kisha barua zikaanza kuingia, na Adelard, aliyekuwa msemaji kila siku, akasema anasikia kichwa kinauma. Vaileth akasoma mbili za kwanza. Mmoja aliuliza kama kalamu hii iliangukia kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mwingine alishukuru, maana mkewe mgonjwa amecheka. Yule mtu mzima wa mwanzo aliandika neno moja tu, pole. Kabla hawajaondoka, wenye mnada wakaiondoa kalamu, wakasema hawauzi vitu vya kughushi.

"Wazungu wenyewe hawajui wanachotaka," Adelard akasema. Akarekebisha ganda la simu kiunoni, akatoka nje, na hakurudi. Kwa Mama Gaspar leo ukimuuliza, kalamu iliuzwa vizuri tu, ila mzee anawaficha majirani.

Nyumbani, Mzee Mudathir alikaa barazani siku nzima. Naima akamletea chai. Akaichukua kalamu iliyokuwa imelala kwenye mkeka, akaifungua, akaifuta kiwi iliyoingia kwenye nyuzi za mfuniko. Akaijaza wino na kuijaribu kwenye kipande cha gazeti. Nibu haikuguswa na mtu. Iliandika kama ilivyoandika siku zote, laini, bila kukwaruza. Chini ya kidole chake jina alilochonga fundi lilikuwa na makali kama kopo lililofunguliwa vibaya, lakini mkono ungezoea.

Babu akanyoosha kiganja. Naima hakuirudisha mara moja.

"Babu, hawaitaki tena," akasema. "Hakuna atakayeitaka. Nipe mie."

Kiganja kilibaki pale pale. Naima akaiweka juu yake. Mzee akaigeuza kalamu polepole, akaichomeka kwenye mfuko wa shati, akahakikisha jina lake limetazama nje.

"Babu. Nakuomba. Nipe mie."

Mpita njia akapita kando ya ukuta, akatoa shikamoo. Mzee Mudathir akainua kichwa, akaitikia marahaba, mkono tayari uko mfukoni.