Maji ya Mzazi

Yahye alichovya kidole ndani ya tangi la kioo, akakilamba. Maji yalikuwa matamu.

Akachovya tena. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameonja maji ya kisima cha mji wa Diff kila alfajiri kabla ya kuwafungulia watu mabomba, na ulimi wake haukukosea. Haya hayakuwa maji yake. Alipotoka asubuhi kwenda kuwasha jenereta ya pampu, samaki sita walikuwa wakizunguka mawe yao kwa raha. Sasa watano walikuwa juu, midomo nje, wakihema. Wa sita, jike wa manjano, alikuwa amejibanza pembeni, mashavu yamefura, akiyumba kama mtu mwenye kizunguzungu.

Mashavu yale ndiyo yaliyomnyima Yahye utulivu kwa karibu wiki tatu. Samaki hawa, sikilidi wa Ziwa Nyasa, hawatagi mayai wakayaacha. Mama huyakusanya kinywani na kuyafumbata humo mpaka watoto waweze kuogelea, na siku zote hizo hali kitu. Akishtuka, huyatema au huyameza. Huyu alikwisha kuyameza mara mbili huko nyuma. Leo ilikuwa siku ya kumi na tisa.

"Naimo," aliita juu ya ua. "Abaayo, dada yangu, uko?"

Jirani yake, mjane aliyeuza maziwa, alikuja akijifuta mikono kwa ncha ya shuka lake. Uso ulikuwa umechangamka.

"Umeona? Nimemletea mzazi maji ya mvua. Mitungi miwili, ya birika langu la kukinga mvua."

"Nimeona."

"Mzazi gani anapewa maji ya kisima, walaal, ndugu yangu? Yana chumvi mpaka punda wanakunja uso. Ndiyo maana hataki kula. Mimi nilipojifungua, mama yako alinibebea maji matamu mgongoni siku arobaini. Unadhani nimesahau?"

Yahye aliyatazama maji ya tangi. Hakuna mwanamke aliyejifungua Diff ambaye majirani hawakumletea maji ya mvua. Na alijua birika la Naimo lilivyo msimu huu: tope, na juu yake maji ya kuficha kifundo cha mguu tu. Mitungi ile miwili alikuwa amejinyima mwenyewe.

"Yale ya zamani uliyamwaga?" aliuliza.

"Nani anamwaga maji Diff? Yako kwenye karai, nimeyafunika. Nawangojea mbuzi wangu warudi wayanywe."

Yahye akashusha pumzi. "Mungu awacheleweshe njiani."

Akampigia simu Mwalimu Zilpah. Ndiye aliyewaleta samaki wale kutoka Nairobi, akawafuga katika nyumba ya walimu, na alipohamishiwa Garissa akamwachia Yahye tangi, mawe, na kipampu kidogo cha hewa kinachotumia sola. Nairobi aliwafuga miaka mitatu bila kupata mtoto hata mmoja. Hapa Diff, mwezi wa pili tu baada ya kufika, dume la buluu lilianza kuchimba mchanga na kumchezea jike. "Wanataka maji magumu, yenye chumvichumvi," mwalimu alimwambia Yahye siku ile. "Maji yako yanawafaa, mzee."

Maji yako. Madereva wa malori waliyatema mbele yake. Wageni walikuja na chupa zao. Akina mama walimwonyesha birika za chai zilizoganda ukoko mweupe, kana kwamba ni yeye aliyeitia chumvi ardhi. Siku ile alikwenda nyumbani akitembea polepole, ili neno lile lisimwagike.

"Mwalimu, maji imekuwa tamu," alisema sasa kwenye simu.

"Tamu vipi? Umewatilia sukari?"

"Tamu ya mvua. Nusu ya tangi. Mama anayumba."

Zilpah akaacha utani. "Rudisha yale ya zamani. Lakini tone tone, mzee, kama dripu ya hospitali. Ukimwaga kwa mara moja, anatema yote."

Naimo alikuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa umefunika mdomo.

"Nimemuua?"

"Hujamuua. Umempa kilicho bora nyumbani kwako. Yeye ndiye hajastaarabika, amezoea chumvi."

"Usinitanie, Yahye. Sema nishike nini."

Yahye alileta mpira mwembamba aliokuwa akinyonyea dizeli zamani, kisha akakumbuka kuwa bado una dizeli, akautupa. Akaleta mwingine mpya. Akaweka karai juu ya meza, akafunga fundo kwenye mpira, akalilegeza kidogo kidogo, kwa subira ile ile aliyokuwa nayo akifungua valvu ya pampu ili bomba chakavu lisipasuke. Tone likaanguka. Likafuata jingine. Naimo alishika ncha ya mpira kwa vidole viwili, na Yahye akawa anachota maji matamu kwa kikombe na kuyatia kwenye ndoo. Gunia lililoloweshwa maji lilifunika kioo ili jua lisiwachemshe.

Walikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Naimo alibadilisha mkono, hakubadilisha mahali.

"Bado ameyashika?"

"Ameyashika."

Mbuzi waliporudi walikunywa maji ya mvua kutoka kwenye ndoo. Mmoja aliinua kichwa, akamtazama Naimo, akainama tena haraka.

"Usizoee," Naimo alimwambia.

Kila alfajiri Yahye alichovya kidole. Chumvi ilikuwepo. Jike la manjano halikuyumba tena, ila lilikuwa limekonda, na mgongo umechongoka kama wembe. Siku ya ishirini na mbili, aliporudi kutoka kwenye pampu, alilikuta mbele kabisa ya kioo. Kinywa kilifunguka. Kitu kidogo kama punje ya mchele kikatoka, chenye macho, kikasimama majini kikijishangaa. Kisha kingine. Kisha wengi.

Yahye hakupiga kelele. Alikwenda uani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Abaayo, njoo uwaone wageni."

Naimo alikuja bila viatu. Alipoinama, kivuli chake kiliangukia tangi, na watoto wote wakakimbia kwa pamoja kuingia kinywani mwa mama yao. Kinywa kikafumba. Mbele yao palibaki samaki mmoja mwembamba, mashavu yamefura, akiwatazama.

"Wamekwenda wapi?" Naimo alinong'ona.

"Wamekuogopa. Sogea kidogo upande huu, usiwazibie jua."

Naimo akasogea. Mwanga ukarudi juu ya mawe. Wakasimama bega kwa bega, wamezuia pumzi, wakingoja kinywa kile kifunguke.