Machozi ya Kupikia

Asubuhi Jaza alipanda ngazi kubadilisha bei kwenye ubao wa kituo cha mafuta, mara ya tatu wiki ile. Tarakimu za tisa zilikuwa zimekwisha kwenye boksi, akachukua sita, akaipindua. Kisha akashuka na kukaa kando ya pampu zisizo na kitu. Kazi yake ilikuwa kujaza matangi, na jina alilipata huko. Siku hizi aliwajaza watu maneno tu. "Kesho, mzee wangu. Vumilia, dada."

Jioni alimkuta mama yake jikoni akilia juu ya maharage mabichi. Chozi likadondokea utambi wa jiko lililokauka, na mkewe Jaza, aliyekuwa amewasha kiberiti kutafuta mfuniko, akapitisha moto karibu. Jiko likawaka bila moshi.

"Teleka basi kabla halijazimika," mama akasema.

Jaza alikinga chozi jingine, akalinusa, akalidondosha kwenye karatasi kama afanyavyo kazini. Petroli hukauka bila alama. Mafuta ya taa huacha duara. Lilikauka, likaacha duara.

"Mafuta ya taa," alisema. "Tena safi kuliko yetu."

Walijaribu kitunguu, lakini machozi ya kitunguu yalikuwa maji matupu. Uchungu wa kweli ndio uliowaka. Basi kila jioni mke alishika kikombe chini ya kidevu cha mkwewe, na Jaza akaomba, "Mama, tusimulie baba alivyokufa." Mama akasimulia: kifua kilivyombana, gari la wagonjwa lililoitwa lisifike. Kifo cha baba kilitoa nusu lita. Mara ya pili, robo. Mara ya tano mama alikisimulia huku akichambua mchele, akapiga miayo. Dada yake Jaza, aliyezama mtoni, alipika uji wa wiki mbili. Mapacha walioharibika tumboni walitosha chai.

Majirani nao wakaja na chupa. "Shikamoo mama. Pole, tumekuletea habari mbaya. Rafiki yako fundi cherehani hatunaye tena." Mama akalia kidogo, kisha akanyamaza. Fundi cherehani mwenyewe alikuwa amesimama mwisho wa foleni, na kopo mkononi.

"Mwanangu, nimekwisha," mama alisema. "Hata kisima kina chini yake."

Siku ya pili tajiri, mwenye kituo, alimwita Jaza. "Pampu zimekauka, kijana. Sina kazi ya kukupa. Ila ukija na mama yako, kazi unayo."

Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya pampu ya pili, faneli chini ya kidevu. Magari yalipanga foleni hadi barabarani. Mama alitazama mbele, macho makavu kama jivu. Tajiri akatazama saa, kisha akamtazama Jaza.

Jaza akainama sikioni kwa mama yake.

"Mama, lile gari la wagonjwa lilipita hapa. Tangi tupu. Nilikuwa na dumu moja, nikasema sina. Nilikuwa nimemwekea tajiri."

Mama hakugeuka. Faneli ikaanza kulia, tone, matone, kisha mchirizi usiokatika. Jaza akachovya kidole na kukifuta kwenye karatasi. Ilikauka bila alama. Petroli. Wakajaza gari la kwanza, la pili, la tatu.

"Dumu hilo alilifanyia nini?" mama aliuliza.

"Jenereta, mama. Kulikuwa na sherehe."

Gari la nne likajaa, la tano, la sita. Mchirizi ulipoanza kupungua, tajiri alisogea.

"Mwambie tulicheza mpaka asubuhi," alisema.

Jaza akamwambia. Dereva wa saba akashukuru, akaomba na ya kwenye dumu.

"Kumbe ipo," tajiri alisema. "Panda ngazi, ongeza bei."

Jaza akapanda. Huko juu kitu kikamwangukia mkononi kutoka jichoni mwake. Akakinusa, akakigusisha kwenye karatasi. Kilikuwa maji.

"Mwanangu," mama aliita kutoka chini, "shuka uniambie jingine. Watu wanasubiri."

"Nakuja, mama."

Alitafuta tisa kwenye boksi. Akachukua sita, akaipindua.