Kompyuta Iliyokataa Kulala

Mwalimu Khoat alikuwa na kipaji kimoja kilichojulikana wilaya nzima: kulaza watu. Kila siku, wanafunzi mia tatu wa shule ya bweni wakishamaliza wali wao na majani ya maboga, ngoma ya shule ilipigwa mara tatu, na kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana hakuna aliyeruhusiwa kuwa macho. Mwalimu alipita katikati ya vitanda vya chuma na kandambili zake za plastiki, daftari mkononi, akichungulia chandarua kimoja kimoja. Aliyekutwa amefumbua macho aliandikwa. Aliyeyafumba kwa nguvu mno pia aliandikwa, kwa kosa la kuigiza. Majina yalisomwa Jumatatu asubuhi mbele ya bendera. Daftari lenyewe wanafunzi waliliita Kitabu cha Macho.

Kazi hiyo tukufu ikiisha, Mwalimu alirudi chumba cha zamu, akakunjua kitanda chake kando ya meza, akalala yeye.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu hajalala. Kompyuta ya chumba cha zamu, kuukuu, yenye feni ya kuvuma kama mashine ya kukoboa mpunga, ilikuwa imeacha kulala. Zamani ukiiacha dakika kumi ilizima kioo, ikanyamaza, na Mwalimu naye akanyamaza. Siku hizi ilivuma mchana kutwa. Kuizima hakuweza, kwa kuwa ikizimwa huchukua nusu saa kuamka, na ripoti za wilaya huingia saa nane kamili. Basi alilala chali, mto juu ya uso, akisikiliza.

Upande wa pili wa ukuta, kitanda namba saba, Diep alisikiliza pia. Alikuwa na miaka kumi na mitano, alilala kwa nidhamu, macho yamefumbwa kwa kiasi kinachokubalika kisheria, na kila ilipovuma feni moyo wake uliburudika. Ni yeye aliyeifanya isilale.

Chanzo kilikuwa saa ya mkono. Babu yake Diep, mzee wa kijiji cha juu mlimani, alikuwa na saa ya Kirusi ya kutia ufunguo, aliyoachiwa na rafiki wa jeshini. Diep alipofaulu kuingia shule ya bweni, Babu alimvalisha mjukuu wake, na Bibi akashona ukanda mpya wa kitambaa alichokitia mwenyewe rangi ya buluu ya nili. Tangu hapo Babu hakumsalimu tena kwa salamu nyingine. Kila walipokutana alimuuliza, "Saa ngapi, mjukuu?" na Diep aliinua mkono na kumsomea, na mzee aliitikia kwa kichwa kama aliyepewa habari njema.

Mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa kulala, Mwalimu Khoat alisimama kando ya kitanda namba saba akatega sikio.

"Saa yako iko macho," alisema. "Na aliye macho huandikwa."

Akaivua mkononi mwa Diep, akaondoka nayo. Alilipenda neno lake hilo hata akalirudia mezani kwa walimu wenzake.

Ili kurudishiwa, Diep alitakiwa kuandika barua ya kujikosoa. Barua hiyo ina utaratibu wake: juu kabisa jina la taifa, chini yake kaulimbiu ya taifa, Uhuru na Furaha, na chini ya Uhuru na Furaha unaeleza jinsi ulivyo mtu mbaya. Diep aliandika nne. Kila mara Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia kwa maneno mawili.

"Haina moyo."

Alipopeleka ya nne, Mwalimu aliitwa nje ghafla na kumwacha peke yake katika chumba cha zamu, droo ya meza ikiwa wazi. Ndani mlikuwa na simu, karata, kioo cha kujitazamia, na katikati ya mateka hao saa ya Babu, imelala chali, mshale wa sekunde ukizunguka. Kando yake palikuwa na kipanya cha zamani kisicho na waya, kilichostaafishwa gurudumu lake lilipovunjika. Kibodi ya kompyuta ile ilikuwa ndugu yake. Wote wawili walitumia kipokezi kimoja, kidude cha ukubwa wa ukucha kilichochomekwa nyuma ya mashine, kwenye utando wa buibui. Maana yake mzee huyu aliyestaafu alikuwa bado anasikilizwa.

Diep alikuwa mwanachama wa chama cha kompyuta. Aliwasha kipanya, akakilaza juu ya kioo cha saa, akasukuma droo. Kwenye skrini kishale kikaanza kutetemeka, kidogo sana, kama mtu mwenye baridi. Kila sekunde ilipopita, kipanya kiliona kitu kinasogea, na kompyuta iliamini kuna mtu kazini. Kompyuta haiwezi kulala na mtu yuko kazini.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Saa ya kutia ufunguo huenda siku moja na nusu, kisha husimama. Alimpangia Mwalimu michana miwili ya mateso, basi. Hakuwa mtoto mkatili.

Siku ya tatu feni ikavuma. Ya nne ikavuma. Siku ya tano Diep alifumbua macho waziwazi, akakodolea chandarua, akaandikwa, wala hakujali. Alikuwa ameng'amua. Saa haijitii ufunguo yenyewe. Kuna mtu alikuwa anaitia ufunguo kila siku, na kila akimaliza anaificha chini ya kipanya kilekile ili wenzake wasiione.

Hapo mzaha ukaisha, chuki ikaanza rasmi.

Fundi Toan wa mjini aliitwa mara tatu. Mara ya kwanza alibadili mipangilio ya usingizi. Mara ya pili alipuliza vumbi, akatoa kiota cha nyigu. Mara ya tatu alifuta kila kitu na kuijenga mashine upya, akaondoka akisema sasa italala kama mtoto mchanga. Haikulala. Mwalimu wa fasihi alishauri kwamba siku ya mwezi mpevu mizimu ya mahali pale ipewe haki yake, na Mwalimu Khoat, ambaye mbele ya darasa hucheka mambo hayo, aliweka sahani ya ndizi mbele ya skrini na kuchoma vijiti vitatu vya ubani. Kishale kiliendelea kutetemeka. Yeye alidhani ni mkono wake unaotetemeka, akaacha chai.

Ikafika wiki ambayo Babu alituma ujumbe: Jumatatu atashuka na basi la kwanza, ana mzigo wa machipukizi ya mianzi ya kukausha, na anataka kuiona saa inavyoendelea. Diep alisoma ujumbe huo akiwa ameushika mkono wake wa kushoto, palipokuwa patupu.

Ijumaa, mwalimu mkuu msaidizi, Mama Nguyet, mwanamke asiyepoteza maneno, alichoka kumwona Khoat akisinzia kwenye vikao. Akaagiza chama cha kompyuta kijaribu. Wenzake wakamsukuma Diep mbele, naye akakubali kwa unyenyekevu wa kutisha.

Alikunja mikono kifuani, akainama kama inavyotakiwa.

"Mwanao nimetumwa kuitazama mashine, Mwalimu."

"Itazame. Usiiguse."

"Nitaitazamaje bila kuigusa, Mwalimu?"

Mwalimu alifikiri. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya samaki wa juzi. "Iguse kwa heshima," alisema.

Diep alifungua dirisha jeusi la maandishi meupe, mahali unapoweza kuiuliza kompyuta nani anakunyima usingizi, nayo ikajibu bila kuficha.

"Inasema ni kipanya, Mwalimu."

"Kipanya hiki? Hiki kimelala kuliko mimi."

Diep alikichomoa, akakiweka juu ya kitanda cha kukunja. Wakangoja dakika kumi, yeye wima, Mwalimu kitini. Feni ilivuma. Kishale kilitetemeka.

"Basi kuna kingine," alisema Diep, na macho yake yakaenda kwenye droo.

Goti la Mwalimu likaiwahi. "Humo mna mali ya watukutu. Haihusiani na kompyuta."

"Na mali hiyo iko salama, Mwalimu?"

"Haijaguswa na mkono wa mtu tangu ilipoingia."

Aliposema hivyo aliinua mkono kujipangusa uso, na mkono wa shati ukateleza. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na pete ya buluu, upana wa vidole viwili, imekolea pembeni.

"Mwalimu, umeumia hapo?"

"Wino," alisema, akashusha shati.

Huko milimani hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba nili mpya huchuja. Hukivai kitambaa kile kwenye jasho kabla hakijaoshwa na kuoshwa tena, la sivyo kinakutia rangi ambayo sabuni huishia kuitazama tu. Mkono wa Diep mwenyewe ulikuwa wa buluu kwa wiki nyingi. Lakini Mwalimu Khoat alikuwa mtu wa tambarare, na huko nili ni rangi tu. Alikuwa akiivaa saa ya Babu jioni mjini, kwenye meza za bia, na asubuhi kuirudisha kifungoni.

Diep angeweza kuvuta droo palepale. Aliona mbele: Mwalimu angesema ni fitina ya mtoto, saa ingehamia droo nyingine, na Kitabu cha Macho kingempokea tena. Kisasi cha chumba kilichofungwa hakimridhishi mtu aliyesomewa jina mbele ya bendera.

Akainamisha kichwa. Alisema mashine imemshinda. Alisema pia kwamba ametafakari maisha yake, na kwamba angependa kuisoma barua yake ya tano mbele ya shule nzima, Jumatatu.

Mwalimu alifurahi kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Jumamosi aliletewa kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa Uhuru na Furaha. Wa pili na wa tatu zilikuwa majuto, majuto marefu, mazito, yenye mistari ya kubembeleza, feni ikiitikia nyuma. Katikati ya ukurasa wa tatu kidevu cha Mwalimu kiligusa kifua. Alizinduka, akaandika "Nimekubali" na kutia saini.

Jumatatu kulikuwa na ukungu mwepesi. Wanafunzi walikaa kwenye vigoda vyao vya plastiki kwa mistari. Langoni, kofia mkononi na gunia la mianzi miguuni, alisimama Babu.

Diep alisoma kwa sauti ya mazishi. Majuto yalipita, watu wakapiga miayo. Kisha ukafika ukurasa wa nne.

"Nakiri," alisoma, "kwamba mimi ndiye niliyeifanya kompyuta ya chumba cha zamu isilale. Niliweka kipanya juu ya saa niliyonyang'anywa, ndani ya droo. Mshale wa sekunde ndio unaoiamsha. Ni kosa kubwa na ninaomba adhabu."

Hakuna aliyepiga miayo tena.

"Nakiri kosa la pili, la hesabu. Saa ile ni ya kutia ufunguo. Huenda siku moja na nusu. Nilidhani nitamnyima Mwalimu usingizi siku mbili tu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Mwalimu amenihakikishia kwamba saa haijaguswa na mkono wa mtu. Kwa hiyo naomba, aliyekuwa akiitia ufunguo bila mikono, naye aandike barua, ili nisijikosoe peke yangu."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wavulana wakubwa, kikaja mbele kama mvua juu ya bati. Mama Nguyet hakucheka. Alimtuma mtu kwenye droo. Mwalimu Khoat, mwenye uso wa rangi ya uji, alikuwa anaanza kueleza kwamba mitambo ya kale ina tabia zake, pengine joto, pengine mtikisiko wa malori barabarani.

Hapo Babu alikuwa amefika mbele. Kwao humwendei mwalimu wa mjukuu wako bila kumpa mikono yote miwili, na mzee alikuwa mtu wa adabu. Alimshika Khoat mkono kwa mikono yake miwili, akaunyanyua kidogo, akautazama. Akausogeza kwenye mwanga. Mkono wa shati ulikuwa umerudi nyuma.

"Mwalimu," alisema Babu kwa upole, "hii nili ni ya mke wangu."

Mkono ule aliushikilia muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, hata mistari ya nyuma ikapata nafasi ya kusimama na kuona.

Saa ililetwa, ikiwa bado inatembea. Diep aliifunga mkononi. Babu alimgeukia, akakohoa.

"Saa ngapi, mjukuu?"

"Moja na dakika ishirini, Babu."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Adhabu ya Diep ilikuwa kupalilia bustani ya mboga wiki mbili, na aliitumikia bila kinyongo, maana bustani iko chini ya dirisha la chumba cha zamu. Kompyuta ililala siku hiyohiyo. Mwalimu Khoat hakulala. Alikuwa mezani, kalamu mkononi, Uhuru na Furaha juu ya ukurasa.

Alhamisi Mama Nguyet alimwita Diep ofisini. Khoat alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono mbele. Mama Nguyet alisukuma karatasi upande wa pili wa meza, akasema kwamba yeye hana uzoefu mkubwa na barua za aina hii, ila kuna mtu shuleni aliyeandika tano.

Diep alikunja mikono, akainama, akaipokea barua kwa mikono miwili. Aliisoma taratibu mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akaisoma tena, saa ikilia kwenye mkono wake. Kisha akaikunja vizuri na kumpelekea mwenyewe pale mlangoni.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Haina moyo."