Busta Niliyomfungisha Mwanangu

Niliambiwa na mwanamke anayeuza vifungo na nyuzi karibu na kibanda changu cha kushonea, naye aliambiwa na mwingine, kwamba mkwe mwenzangu anamuundia mwanangu gari lisilo na breki. Aliponiona nimeacha kukanyaga cherehani akajisahihisha, akasema breki zipo, ila zile za kusaidiwa, wanazofunga watu wote, yule mzee kazikataa. Siku ile nilishona mkono wa kulia mahali pa kushoto, nikaufumua, nikaushona vilevile.

Nawaandikia kina mama wenzangu wenye watoto waliooa. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi nisameheni mwandiko, shikeni maneno.

Gari lenyewe lilikuja kwenye makasha, vipande vipande, la mtu kuunga mwenyewe: mabomba ya chuma, bodi nyepesi, viti viwili tu. Mwanangu ni mchomeleaji, na kuunga gari kwa mikono yake ni hamu yake ya tangu ujana. Lakini hakuliunga uani kwangu. Aliliunga kwa baba wa mke wake, fundi breki mstaafu ambaye watu wanamwita Mzee Pima, kwa kuwa hakazi hata nati kabla ya kupima. Kila Jumamosi mwanangu alipita mlangoni kwangu, akanisalimu huku anatembea, akaelekea kwa Pima. Nilimlea peke yangu, neno baba halikupata pa kutumika nyumbani kwetu. Siku niliyomsikia akimwita yule mzee "Baba", kwa ulaini kama amelizoea tangu kunyonya, nilifunga kibanda kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo ule uvumi ulinikuta na njaa nao.

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Nikakuta kiti cha gari kimewekwa chini, mbele yake mizani ya kupimia uzito wa watu imeegemezwa ukutani, na mkaza mwana wangu, binti yake Pima, ameketi anaisukuma kwa mguu mmoja. Baba yake anasoma mshale, anaandika ukutani kwa chaki. Mwanangu anacheka. Watatu wao kama waliopangwa na mpiga picha, mimi mlangoni na mkoba wangu.

Pima alinikaribisha vizuri, hilo nisimnyime. Akanieleza kwamba gari zito linahitaji busta, lile duara la bati mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, linaloazima nguvu ya injini kuusaidia mguu. Hili halifiki kilo mia sita. Amerefusha mkono wa pedali, ukikanyaga kidogo unasukuma sana, mguu mtupu, bila busta, unatosha na kubaki. Tena dereva anahisi kwenye unyayo tairi inapotaka kuteleza. Akaniomba na mimi nijaribu.

"Ila taratibu, mkwe," akatania. "Mguu wa cherehani huo, usinivunjie mizani."

Mwanangu akacheka tena. Sikuketi.

Na ningemwelewa. Miaka ishirini na minane nakanyaga pedali, nzito naijua na nyepesi naijua. Lakini mwenye kijicho hasikilizi, anangoja zamu yake ya kusema.

Kwa muuza vyuma chakavu nikapata busta ya basi dogo, nikamshonea mapazia ya sebule kuwa malipo. Nikamwita mwanangu, nikafunga mlango.

"Yule anapimapima kwa sababu atakayepanda si damu yake," nikamwambia. "Angekuwa mwanawe, asingemnyima msaada wa breki. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Akasema Baba amepiga hesabu vizuri, tena gari lenyewe ni la... Sikumwacha amalize. Nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini niliyatumia. Akakubali kuifunga usiku wa kuamkia majaribio, Pima akiwa amelala, na akakubali kutomwambia mkwe wake, maana na hilo nililiomba. Siku nzima nilishona huku naimba.

Siku ya kulijaribu tulikwenda asubuhi kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa. Nilivaa vizuri, nikijua mwanangu ataendesha na mimi nitakaa kando yake, Pima anione. Aliyekaa kwenye usukani ni mkaza mwana. Gari lilikuwa lake, la kwendea kazini. Zile chaki ukutani zilikuwa za mguu wa mtoto wake Pima mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Lakini kulisimamisha gari ingebidi niseme mbele ya yule mzee nilichofanya. Nikaufunga.

Mwanangu aliinama dirishani akamnong'oneza mkewe akanyage polepole. Yeye akaondoka, akakolea, na alipofika mwisho akakanyaga kama alivyofundishwa kwenye mizani. Pedali ndefu na busta juu yake! Tairi zilikwama zote kwa pamoja, gari likateleza juu ya vumbi, likazunguka, likapiga ukuta kwa ubavu. Mkono wake ulivunjika mahali pawili.

Walipokwisha kumtoa, Pima alifunua boneti. Akaigusa busta kwa kidole.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi, Baba," akasema mwanangu. Hakunitazama.

"Usiniite hivyo."

Nilikwenda kusema ukweli siku ya nne. Pima alinisikiliza amesimama getini, akajibu kwamba mkono utaunga, lakini fundi aliyebadilisha breki kimya kimya hawezi kumrudisha uani kwake, awe ameliliwa na nani. Binti yake bado yuko kwa baba yake. Mwanangu Jumamosi hana pa kwenda, na kwangu haji.

Basi epukeni haya:

Usichukue neno la mtaani ukalifanyia kazi kabla ya kumuuliza anayetajwa.

Usifunge busta ya gari zito kwenye gari jepesi, hasa lililopangiwa pedali ya mguu mtupu.

Usibadilishe breki bila kumwambia aliyezipanga na atakayeziendesha.

Usijaribu breki mpya kwa mwendo wa kasi, wala karibu na ukuta.

Usimlilie mtoto kwenye jambo la ufundi.

Usimfundishe mwanao kumficha mkwewe.

Usinyamaze gari likiwa bado limesimama.