Dawa ya Kupunguza Kinga

Walikwisha kuipita shule ya Kanazi, Gervasi akisukuma baiskeli, binti yake Aline kakaa kwenye keria, miguu imevimba hata ndala haziingii.

"Baba, wakiuliza vidonge tusemeje?"

"Nitasema mimi. Wewe shika usianguke."

Miezi miwili nyuma, walipoambiwa Aline ana ugonjwa uitwao lupus, alisikia kwa masikio yake kwamba vidonge vile hupunguza kinga. Na kwao upungufu wa kinga una maana moja tu, na kila nyumba imeshazika. Akavitumbukiza chooni, akawa anamchemshia mubirizi, majani machungu ya kuongeza kinga. Sasa mkojo wa binti ulikuwa unatoka povu.

Hospitalini walipokewa na muuguzi, Yasmini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Vidonge vimeisha?"

"Nilivitupa mimi. Mlisema vinapunguza kinga. Nimpe mwanangu UKIMWI kwa mkono wangu?"

Yasmini hakucheka. Akavuta kiti.

"UKIMWI huua askari wa mwili, mzee. Huyu askari anao, tena wakali. Wanampiga mwenyeji wakidhani ni mgeni. Walianza na viungo, sasa wako kwenye figo."

Gervasi akafikiri. "Kama mgambo walionikamata mnadani. Nimezaliwa hapahapa, lakini nilisema 'mchere', basi, wewe Mrundi, twende!"

"Na kitambulisho kilikuwa mfukoni," Aline akasema.

"Nani alikiangalia?"

"Alikuokoa nani?" Yasmini akauliza.

"Mwenyekiti wa kitongoji. Alisema mwacheni, huyu ni wetu."

"Mwilini nao wamo wa kusema hivyo. Kwa Aline hawasikilizwi. Vidonge vinawatuliza hao mgambo, lakini hatuwafukuzi wote, maana wezi wa kweli wapo, kifua kikuu na wenzake. Ndiyo maana tunapima, tunapandisha dozi, tunashusha. Kuacha ghafla, hapana."

"Na mubirizi?"

"Sijui kama unaongeza kinga, mzee. Kama unaongeza, basi umewapelekea marungu."

Aline alilazwa wiki tatu. Figo hazikurudi zote kama zamani, ila zinafanya kazi. Anashona nguo Nyantakara kwa shangazi yake, kwa kuwa jua la shambani halimfai, na dozi yake imeshushwa mara mbili. Aliugua kifua mara moja akapona. Yasmini alihamishiwa wilaya nyingine. Gervasi yuko Kanazi, na kila asubuhi humpigia Aline simu kuuliza kama amemeza.